Bolti ya Mara Moja Katika Nchi Isiyotupa Chuma

Gari likiharibika Busi, kata ya Wilaya ya Kondoa iliyo nje ya barabara kuu ya lami, matengenezo huanzia pale pale lilipolala. Dereva na utingo hufungua wanachoweza, na kila bolti inayotoka hupangwa juu ya kipande cha turubai kwa mfuatano wake. Gari likishavutwa hadi gereji mjini Kondoa, bolti zile zile huoshwa kwa mafuta ya taa, hufutwa na kurudishwa. Zinazobaki huingia kwenye kopo zikingoja gari jingine. Desturi hiyo ina sababu zake, na baadhi ni za zamani kuliko gari lenyewe.

Chuma hakikuletwa Kondoa na gari. Katika vilima vya Kondoa, yakiwamo maeneo ya Haubi na Pahi, wanaakiolojia wamekuta mavi ya chuma, ushahidi kwamba watu wa huko waliyeyusha madini wenyewe muda mrefu kabla ya Wajerumani kufika. Chuma kilichopatikana kwa mkaa na mivukuto hakikuwa kitu cha kuchezea. Jembe lililolika lilirudi kwa mhunzi, likafuliwa upya likawa kisu au ncha ya mshale.

Magari yalipoanza kuingia bara yalikuta nchi isiyo na duka la spea. Mwaka 1907 Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau akikusudia kulivuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, mwezi Mei 1909, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa matengenezo na kusubiri vipuri kutoka Ulaya. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, lakini kaskazini ya hapo mizigo iliendelea kutegemea miguu ya watu na wanyama. Mwezi Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la upande wa Waingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer liliiteka Kondoa kutoka kwa Wajerumani. Masika yakashuka, barabara zikageuka tope, malori yakakwama, farasi wakafa kwa wingi, na askari wakabaki na njaa.

Somo kubwa zaidi la vipuri katika uwanda wa kati lilitolewa Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi wa karanga, sehemu ya mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 Afrika ya Mashariki na ya Kati. Matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka baada ya vita, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyoachwa na jeshi la Marekani nchini Ufilipino. Mengi yalifika yakiwa yamechoka. Udongo wa Kongwa, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, uliyamaliza. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama, karakana zikiwa na upungufu wa mafundi na wa vipuri. Mwezi Januari 1951 mradi ulitangazwa kuachwa, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa pauni milioni 36.

Enzi hizo kulikuwa pia na ugomvi wa bolti kati ya mashine za Kiingereza na za Kimarekani. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake cha nyuzi mwaka 1841, akazipa pembe ya digrii 55. Wamarekani, kwa mapendekezo ya William Sellers ya mwaka 1864, walichagua digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Kiingereza ilikuwa na nyuzi 12 kwa kila inchi, ya Kimarekani 13. Kwa macho zilifanana; ukizilazimisha ziingiane, nyuzi zililika. Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya nyuzi za pamoja mwezi Novemba 1948, lakini makubaliano hayo hayakubadili mashine zilizokuwa tayari zimesimama vichakani. Katika karakana yenye mchanganyiko wa namna hiyo, bolti iliyotoka kwenye tundu fulani ilikuwa ndiyo bolti ya uhakika ya kurudi kwenye tundu hilo. Kuihifadhi ilikuwa akili, si ubahili.

Magari ya miaka iliyofuata yaliuthibitisha utaratibu huo. Land Rover, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1948, na malori ya Kiingereza yaliyopita barabara ya Dodoma hadi Arusha yalifungwa kwa bolti nene, zilizokazwa chini sana ya uwezo wake. Bolti ya hedi ya injini za namna hiyo ilivutika kidogo ilipokazwa na kurudi urefu wake ilipofunguliwa. Baada ya kubadili gasketi, gari lilitembea kwanza, kisha fundi akafungua kifuniko na kuzikaza tena, kwa sababu gasketi nene ilikuwa imekaa. Bolti zilifunguliwa na kufungwa mara nyingi, na injini ikaendelea kudai maji na mafuta tu.

Ukame wa fedha za kigeni ukaigeuza busara hiyo kuwa lazima. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilikosa dola za kuagizia hata vitu vya msingi, na spea zikawa haba. Fundi aliyejua kuchonga, kuchomelea na kuoanisha ndiye aliyeyarudisha magari barabarani. Hali ililegea kuanzia 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe. Hatimaye yakaja magari ya mtumba kutoka Japani, na spana za inchi zikaingia kutu. Namba zikawa 10, 12, 14 na 17. Hata hapo kuna mitego: bolti ya milimita 8 kwenye gari la Kijapani kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 12, ya Kijerumani kwa namba 13.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuonekana kwa macho. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 watengenezaji walizidi kutumia hedi za aluminiamu, metali ambayo ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Gasketi nazo zilibadilika, zikawa zinadai kubanwa kwa nguvu sawa kila upande. Tatizo ni kwamba nguvu ya mkono kwenye spana haifiki yote kwenye bolti. Takribani asilimia 90 huliwa na msuguano wa kichwa na wa nyuzi. Ni kama asilimia 10 tu inayobana kweli. Bolti mbili zilizokazwa kwa kipimo kimoja, moja ikiwa na mafuta na nyingine na kutu, hazibani sawa.

Jibu la wahandisi lilikuwa kuikaza bolti mpaka ianze kukubali. Hukazwa kwanza kwa kipimo kidogo, kisha huzungushwa kwa pembe, mara nyingi robo mzunguko na robo nyingine. Ndivyo inavyofungwa hedi ya injini ya 1NZ, iliyomo katika Toyota IST na Probox nyingi zinazozunguka Dodoma. Ikifika kiwango hicho, bolti huvutika bila nguvu yake ya kubana kuongezeka sana, kwa hiyo zote hubana karibu sawa hata kama msuguano unatofautiana. Gharama yake ni kwamba hairudi tena urefu wake wa awali, kama mpira wa manati uliovutwa kupita kiasi.

Namba zilizopigwa kichwani zinaeleza mpaka huo. Bolti ya 10.9 hukatika kwenye mvuto wa takribani newtoni 1,000 kwa kila milimita ya mraba, na huanza kuvutika moja kwa moja ikifika asilimia 90 ya nguvu hiyo. Ikirudishwa na kuzungushwa pembe ile ile, inaongezewa urefu juu ya urefu. Shingo hupungua unene. Huenda ikakatikia mkononi mwa fundi, na hiyo ni bahati, kwa kuwa hasara inaonekana mapema. Mbaya ni ile inayokubali kukazwa, gari likaondoka, kisha likachemsha kwenye kilima cha kwanza kirefu. Hapo lawama huiendea gasketi, au duka lililoiuza.

Si hedi peke yake. Bolti za konrodi katika injini nyingi za sasa hufungwa kwa namna hiyo hiyo, na ikikatika moja, konrodi hutoboa bloku. Nati yenye pete ya nailoni hupoteza mshiko ikifunguliwa mara kwa mara, jambo zito kwenye barabara za mawe zinazotikisa gari kutwa nzima. BMW ilipotoa injini ya N52 mwaka 2004, yenye bloku ya magnesiamu na aluminiamu, iliifunga kwa bolti za aluminiamu kwa sababu chuma cha kawaida kingeiozesha magnesiamu. Bolti hizo zikifunguliwa, hutupwa.

Wala sheria si moja kwa magari yote. Kwa baadhi ya injini zake, Toyota inaruhusu bolti za hedi kurudi endapo urefu au unene wake haujavuka kikomo kilichotajwa kwenye kitabu cha matengenezo. Kipimo cha vernia hutosha kwa kazi hiyo. Watengenezaji wengi wa Ulaya hawatoi nafasi hiyo: ni bolti mpya.

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwezi Aprili 2018, na tangu hapo spea ya Dar es Salaam inaweza kufika Kondoa kwa basi. Uhaba uliolijaza kopo la bolti umepungua. Hata hivyo, seti ya gasketi ya kufungulia injini kwa kawaida huuzwa bila bolti za hedi, na fundi asipoziandika kwenye orodha ya vitu vya kununua, mwenye gari hana namna ya kujua kwamba zilihitajika.