Hukumu ya Jina Geni

Kompyuta iliyozimwa ni chombo kisichojua lolote. Iwashwapo, husoma maagizo ya kuamkia yaliyowekwa katika diski yake, ambayo katika kompyuta za zamani yalikaa mahali pa kwanza pa diski. Maagizo hayo huuamsha mfumo wa uendeshaji, na mfumo nao hupitia orodha ya programu zilizopewa ruhusa ya kuamka pamoja nao. Orodha hiyo ni ndefu, na aghalabu mwenye kompyuta hayatambui majina mengi yaliyomo. Wengi wa hao wenye majina mageni ni watumishi waaminifu. Pengine mmoja wao ni mwizi. Mwizi hupapenda mahali hapo kwa sababu programu iliyomo katika orodha ya kuamka haiangamii kompyuta ikizimwa, bali hufufuka kila inapowashwa. Jinsi ya kumbagua mwizi na mtumishi ni jambo ambalo wanadamu wamejifunza kwa hasara, na habari zake zastahili kujulikana.

Mwaka wa 1986, katika mji wa Lahore, Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga programu iliyokuja kuitwa Brain. Programu hiyo ilijipenyeza mahali pale pa kwanza pa diski laini, ikayahamisha maagizo halali, ikaketi katika nafasi yao. Kompyuta ilipowashwa kwa diski hiyo, Brain iliamka kabla ya mfumo wenyewe, kisha ikajinakili katika diski nyingine zilizotiwa baadaye. Tena, mtu alipotaka kupachungulia mahali pale, ilimwonyesha maagizo ya asili kana kwamba hapakuharibika kitu. Ajabu ni kwamba ndugu hao walikuwa wameandika ndani yake majina yao, anwani yao na nambari zao za simu. Tangu hapo watu walijua kuwa adui aweza kuwapo nyumbani naye asionekane.

Hofu hiyo ilikuwa ya haki, lakini hofu isiyo na ujuzi humfanya mtu ampige asiye na hatia. Katika mwaka wa 2001 ilienea barua pepe iliyoanzia Brazil kwa lugha ya Kireno, kisha ikatafsiriwa kwa lugha nyingine. Ilionya kuwa faili iitwayo SULFNBK.EXE ni virusi vilivyolala, ambavyo vingeamka tarehe 1 Juni na kuharibu kila kitu. Aliyeipokea aliambiwa aitafute faili hiyo, aifute, kisha awaonye rafiki zake wote. Watu wakaitafuta, wakaikuta, wakatetemeka. Kumbe faili hiyo ilikuwa sehemu halali ya Windows 98, na kazi yake ilikuwa kurudisha majina marefu ya mafaili yaliyoharibika.

Mwaka wa 2002 mambo yakawa yale yale. Safari hii mshitakiwa alikuwa JDBGMGR.EXE, faili ya Microsoft iliyotumiwa na watunga programu za Java. Picha yake ilikuwa ya mwanasesere wa dubu, nayo haikufanana na picha za mafaili mengine. Jambo hilo likatosha kuitia hatiani. Barua ilidai kuwa hata programu za kukinga virusi haziwezi kuitambua. Watu wengi wakaifuta, kisha wakaisambaza barua ile kwa kila mtu waliyemjua. Basi kazi ambayo virusi hufanya, yaani kujieneza toka kompyuta hadi kompyuta, ikafanywa na wanadamu kwa mikono yao wenyewe na kwa nia njema.

Natuyapime mawazo ya watu hao. Kila mmoja alisema moyoni, "Barua ilinena kuwa nitaiona faili hii, nami nimeiona, basi barua ni ya kweli." Hawakujiuliza kama faili hiyo huonekana pia katika kompyuta isiyo na dosari. Jambo lionekanalo kwa mzima na kwa mgonjwa sawasawa haliwezi kuthibitisha ugonjwa. Kila mwenye homa ana pua. Lakini hakuna tabibu atakayesema kuwa pua ni dalili ya homa.

Yamkini msomaji atasema kuwa hukumu hizi waachiwe wataalamu. Lakini hata wao huteleza. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilituma marekebisho ya programu yake ya kukinga virusi. Marekebisho hayo yaliitazama faili iitwayo svchost.exe katika kompyuta za Windows XP, yakaidhania kuwa ni virusi, yakaikamata. Walakini svchost.exe ni nguzo ya mfumo wenyewe, na huduma nyingi huamka kwa kuitegemea. Kompyuta zikapoteza mawasiliano, zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma. Hospitali, vyuo vikuu na vituo vya polisi vya Marekani vilipatwa na taabu hiyo. Siku hiyo mlinzi alimfunga mwenye nyumba.

Miezi miwili baadaye dunia ilipata funzo la upande wa pili. Mwezi wa Juni 2010 kampuni ya VirusBlokAda ya Belarus iligundua programu iliyoitwa baadaye Stuxnet, iliyokusudiwa kuharibu mashine za kurutubishia urani huko Natanz, Iran. Mafaili yake yaliamka pamoja na kompyuta, yakiwa na saini ya kidijitali ya Realtek, kampuni ya Taiwan iliyoaminiwa na wengi. Saini hiyo ni kama muhuri wa mtengenezaji, na hapa muhuri ulikuwa wa kweli, ila ulitumiwa na wezi. Kilichowaamsha wachunguzi kilikuwa ni matendo: kompyuta ya mteja mmoja huko Iran ilizima na kuwaka yenyewe mara kwa mara. Kikulacho ki nguoni mwako, hata kama nguo ina muhuri wa fundi.

Basi atakayekuta jina geni katika orodha ya kuamka na aulize maswali kama hakimu. Faili yakaa wapi? Ile svchost.exe halali hukaa ndani ya folda za Windows. Ikionekana mahali pengine, au jina likigeuzwa herufi moja tu, pana shaka. Ni nani aliyeitia saini? Iliingia lini, na iliandamana na programu gani? Hufanya nini, na huwasiliana na nani? Mashahidi wengine wasemaje? Huduma ya VirusTotal, iliyoanza Uhispania mwaka wa 2004, huipitisha faili moja mbele ya programu nyingi za kukinga virusi. Lakini mshitaki mmoja kati ya wengi hatoshi kuitia hatiani, wala ukimya wa wote si hati ya usafi.

Tena asiwe na pupa ya kufuta. Kuiondoa programu katika orodha ya kuamka huku faili yake ikibaki ni kumweka mshitakiwa rumande: akionekana hana hatia, hurudishwa kazini. Aliyefutwa huenda asirudi.

Jina geni ni sababu ya kuuliza, si sababu ya kuhukumu. Na jina lijulikanalo, hata likiwa na muhuri, si sababu ya kuacha kuuliza. Walioikosea SULFNBK.EXE na walioiamini saini ya Stuxnet walikuwa na kosa moja: walitoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Kijana atakayejizoeza kuuliza maswali hayo mbele ya kompyuta atakuwa amejifunza pia namna ya kusikiliza uvumi unaomhusu jirani yake.