Milingoti Mitatu: Picha za Ufuko wa Unguja na Misiba Miwili

Katika picha ya bandari ya Unguja iliyopigwa mwaka 1902, yaonekana milingoti mitatu imesimama majini mbele ya mji, wala hapana chombo chini yake. Milingoti hiyo ni ya meli Glasgow, mali ya ufalme, iliyozamishwa asubuhi ya tarehe 27 Agosti, 1896. Nyuma yake Jumba la Maajabu lasimama jeupe na roshani zake. Mtazamaji asiyejua kisa ataona mji uliotulia tu. Lakini picha hiyo ikiwekwa pamoja na zilizoitangulia, yawa ushahidi wa misiba miwili, na wa jinsi mji ulivyoinuka baada ya kila mmoja.

Msiba wa kwanza ni kimbunga cha tarehe 15 Aprili, 1872. Siku hiyo vyombo vya Seyyid Barghash bin Said vilivunjikia bandarini, na katika kisiwa cha Unguja yakadiriwa kwamba theluthi mbili za mikarafuu na minazi ziling'olewa au kuvunjwa. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Glasgow iliundwa Uskochi na kushushwa majini mwaka 1878 ili kuliziba pengo la vyombo vilivyopotea. Basi meli hiyo kabla ya kuwa alama ya kushindwa ilikuwa alama ya kuinuka, na milingoti ile mitatu yabeba habari zote mbili.

Meli huweza kununuliwa kwa fedha, lakini mkarafuu hauna njia ya mkato. Mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na wakati wote huo wataka kupaliliwa na kutiliwa maji. Bei ya karafuu ilipopanda baada ya kimbunga, wenye mashamba walipanda mikarafuu kwa wingi huko Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya zao hilo. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watumwa. Mkataba wa mwezi wa Juni, 1873, ulikataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la mjini, lakini haukuuondoa utumwa wenyewe. Amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria haikutolewa mpaka tarehe 6 Aprili, 1897. Kwa hiyo neno "kuinuka", likitumiwa kwa habari ya Unguja na Pemba katika miaka hiyo, halina budi kuulizwa: aliyeinuka ni nani, na aliinuliwa juu ya mabega ya nani? Picha za majamvi yaliyoanikwa karafuu, zilizouzwa baadaye kama kadi za posta, zaonyesha wachambuzi wameinama kazini. Aghalabu anwani chini yake yalitaja zao, wala halimtaji mtu.

Msiba wa pili haukuletwa na pepo. Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la mfalme bila ya idhini ya Waingereza. Alipewa muda mpaka saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipokwisha, manowari za Uingereza zikafyatua mizinga, na kabla ya saa moja kutimia mambo yalikuwa yamekwisha. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa jumba wakadiriwa kuwa 500. Upande wa manowari alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wadachi, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam.

Picha zilizopigwa baada ya mizinga kunyamaza zajulikana sana. Moja yaonyesha askari wa majini wa Uingereza kando ya mzinga walioteka. Nyingine zaonyesha magofu ya majumba na mnara wa taa uliotobolewa. Yafaa kutazama kisichoonekana. Wale 500 hawamo. Mashahidi wa picha ni kuta na washindi.

Tena yafaa kuyasoma maneno yaliyoandikwa chini yake. Gofu moja laitwa kwa Kiingereza kwa neno lililotokana na Kiarabu *harim*, neno ambalo katika masikio ya Ulaya lilikwisha kuwa la anasa na siri. Kiswahili kilipokea shina hilo hilo kikafanya "haramu" na "maharimu", maneno ya mipaka na ya ujamaa. Aliyesoma kitabu cha Emily Ruete, yaani Seyyida Salme binti Said, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, ajua kwamba majumba ya ufalme yalikuwa makazi ya akina mama, watoto, ndugu na watumishi. Neno moja lililotiwa chini ya picha latosha kumfanya mtazamaji asahau kwamba lile ni gofu la nyumba ya watu.

Mji uliinuka tena. Magofu yalibomolewa, mahali pamoja pakawa bustani, na pengine pakajengwa jumba jipya. Jumba la Maajabu halikudhurika sana, na mwaka 1897 likatiwa mnara wa saa usoni pake, badala ya mnara wa taa uliopotea. Mabaki ya Glasgow yalivunjwa na kuondolewa mwaka 1912, na milingoti ikatoweka machoni.

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Jumba la Maajabu ilianguka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakafa. Tangu siku hiyo picha za zamani zimepata kazi mpya, kwa kuwa fundi atakaye kuurudisha mnara hana budi kuzitazama ajue umbo lake na vipimo vyake. Kazi ya mwanachuoni ni ya namna hiyo hiyo: kurudisha, kando ya kuta zilizorudishwa, majina ya vitu kama wenyeji walivyoviita, na habari za wale ambao picha haikuwaonyesha.