Sifa za mapema: mtoto mwanamichezo anapotangazwa redioni

Kila siku ya Yenga viwanja vya kartie vinajaa. Goma, Bukavu, Bunia, Beni, Uvira: kote watoto wa miaka 12 ao 14 wanacheza mupira mbele ya watu wengi. Mmoja anafunga mabao matatu. Mtangazaji anashika mikro, mwenye telefone anapiga video, na mbele ya jua kuzama jina la mtoto limeisha kufika kila pahali: «Huyu njo Messi wetu!»

Wazazi wanafurahi, na wana haki ya kufurahi. Sifa inaweza kumfungulia mtoto mlango wa masomo, ekipe nzuri, hata jozi ya viatu. Lakini wazee walisema: ngoma ikivuma sana hupasuka. Historia ya michezo inaonyesha namna gani sifa ya mapema inaweza kumsaidia mtoto, na namna gani inaweza kumuumiza.

Mtoto aliyeitwa «Pelé mpya»

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Freddy Adu. Alizaliwa Tema, Ghana, mwaka 1989, na mwaka 1997 familia yake ikahamia Marekani. Mwezi wa 11 mwaka 2003, akiwa na miaka 14 tu, alitia sahihi mkataba wa kucheza mupira wa kulipwa. Mwezi wa 4 mwaka 2004 akaingia uwanjani na ekipe ya D.C. United. Magazeti na televisheni zilimwita «Pelé mpya», na alionekana katika tangazo la kinywaji pamoja na Pelé mwenyewe.

Kile watu walichongojea hakikufika. Mwaka 2007 alienda Benfica ya Ureno, lakini hakupata nafasi ya kudumu. Kisha akazunguka: Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Brazili, Serbia, Finland, Uswidi. Alichezea timu ya taifa ya Marekani mechi 17. Kwa mchezaji wa kawaida hiyo si kidogo. Kwa mtoto aliyeisha kutangazwa kuwa Pelé, watu waliona ni kuanguka. Kosa halikuwa kwamba alikosa kipaji. Alipimwa na kipimo cha mtu mzima wakati angali anajifunza.

Namna nyingine ya kufanya

Uingereza, antrenere Alex Ferguson wa Manchester United alichagua njia tofauti. Ryan Giggs alianza kucheza na ekipe ya wakubwa mwaka 1991, akiwa na miaka 17. Waandishi wa habari walimtaka kila siku. Ferguson akawakatalia kumuhoji, mpaka kijana alipofika karibu miaka 20. Walimuona uwanjani, waliandika juu ya mchezo wake, lakini hawakuingia nyumbani kwake wala kumuuliza atakuwa nani kesho. Giggs alicheza katika ekipe ile ile mpaka mwaka 2014.

Mtu hawezi kusema kwamba ukimya peke yake ndio ulimfanya adumu. Lakini alipewa muda wa kukosea bila nchi nzima kumcheka.

Sheria inasema nini

Kongo ilikubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu chake cha 16 kinakataza kuingilia maisha ya siri ya mtoto bila haki, ao kuharibu jina lake. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kucheza vizuri hakumuondoi katika ulinzi huo.

Kwa upande wa mupira, kanuni ya FIFA juu ya uhamisho, kifungu cha 19, inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Moja ni wazazi kuhamia kule kwa jambo lisilohusu mupira. Hata ekipe kubwa zimepata azabu juu ya kanuni hiyo: Barcelona mwaka 2014, Real Madrid na Atlético Madrid mwaka 2016.

Kwa hiyo, mtu akiona video ya mtoto wa miaka 15, kisha akapiga simu na kusema, «Nitamupeleka Ulaya mwezi ujao, mutume kwanza franga za viza», familia inapaswa kushtuka. Tangu zamani vijana wengi wa Afrika wamechukuliwa na maajenti wa uongo na kuachwa njiani bila pesa wala karatasi. Sifa ikitangazwa pamoja na namba ya simu ya baba, tapeli hahitaji tena kutafuta.

Umri unaotangazwa haufutiki

Watoto wengi wa majimbo ya mashariki hawana cheti cha kuzaliwa, ao karatasi zimepotea wakati wa kukimbia vita. Redio ikitangaza «ana miaka 13» bila kuuliza, sauti ile inabaki. Kesho karatasi zikionyesha umri mwingine, mtoto ndiye ataitwa mwongo. Tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009, Nigeria, FIFA inatumia mashini ya MRI kupima mfupa wa kifundo cha mkono ili kukamata wanaopunguza umri. Makosa ya wakubwa yanaangukia kwa mchezaji.

Kunyamaza kabisa nako ni hatari

Popole Misenga na Yolande Mabika walizaliwa Bukavu. Vita iliwatenganisha na familia zao wakiwa wadogo, wakapelekwa Kinshasa, ambako walijifunza judo. Baadaye walieleza wenyewe kwamba wakishindwa mashindano walikuwa wanafungiwa ndani na kupewa chakula kidogo. Mwaka 2013, walipofika Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakakimbia na kuomba ulinzi. Mwaka 2016 walishiriki michezo ya Olimpiki katika ekipe ya kwanza ya wakimbizi.

Dunia ilisikia habari hiyo wakiwa watu wazima. Kwa hiyo kazi ya redio si kusifu mabao tu. Ni kuuliza pia: watoto hawa wanalala wapi, wanakula nini, wanasoma? Wakishindwa, wanafanyiwa nini?

Mambo ya kuangalia mbele ya kutangaza

Wazazi wakubali kwanza, na mtoto mwenyewe aulizwe. Akikataa, basi.

Jina la kwanza linatosha. Masomo anayosomea, njia anayopitia na namba ya simu ya familia visitajwe. Katika maeneo yenye makundi ya silaha na utekaji nyara, habari hizo zinaweza kuleta mabaya.

Tusifu mchezo wa leo, tusiahidi ya kesho. «Alicheza vizuri» ni kweli. «Atacheza Ulaya» ni mzigo.

Mtoto aliyekosa penalti asichekwe kwenye antena wala video yake isitumwe huku na huku.

Mtoto asihojiwe peke yake: mzazi ao mlezi awe karibu.

Wasichana watajwe pia kwa mchezo wao, si kwa sura yao.

Mabao ya siku ya Yenga yatasahauliwa siku ya Posho. Mtoto ataendelea kuishi katika kartie ile ile, pamoja na jina ambalo wakubwa walimpa.