Chuku Ina Meno

Mjini ukiambiwa "acha kupiga chuku", ujue umeshashtukiwa: maneno yamezidi, ni fiksi tupu. Lakini ni vijana wangapi wanaojua kuwa chuku ni chombo cha mganga, tena cha kutolea damu?

Chuku ni pembe, aghalabu ya ng'ombe, iliyotobolewa nchani. Mganga humchanja mgonjwa, huibandika pembe palepale, huvuta hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu kwa nta. Nyama huvimba ndani ya pembe, damu ikatoka. Huko ndiko kuumika. Waarabu wanaita hijama. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 imeshaipa "piga chuku" maana zote mbili: kuumika na kutia chumvi. Kwa maoni yangu, safari baina ya maana hizo ni fupi: chale ndogo, uvimbe mkubwa. Si ndivyo yalivyo maneno ya muongo?

Ila pembe hiyo ina jina jingine, ndumiko. Hapo ndipo mimi, Muha wa Kabanga, Kasulu, napata la kusema. Tangu enzi za manamba kwenye mashamba ya mkonge, Muha mjini ni mtu wa kuchekwa. Wengi wetu tukishuka tu kwenye treni ya Kigoma, Kiha tunakiacha behewani.

Haya, tazama. Kuuma kwetu ni kuruma. Kwa Warundi, ndugu zetu, kuumika ni kurumika. Waganda wana okuluma na okulumika. Kiswahili kiliidondosha sauti ile ya mwanzo, kikabaki na uma na umika. Lakini ndani ya ndumiko haikudondoka; ilijibanza nyuma ya n ikawa d, kama ulimi unavyokuwa ndimi. Kumbe jina lenyewe linatuambia: hiki ni chombo kinachouma! Mswahili wa mjini peke yake meno hayo asingeyaona.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuandika, usione haya. Kiwe Kiha, Kinyakyusa au Kimakonde, usikitupe stendi. Kiswahili unachokitafuta kwenye kamusi kina kurasa nyingine kijijini kwenu, na wanaojua kuzisoma wanazeeka. Wahi ukawaulize.