Bitana ya Tanuri: Udongo Uliohimili Moto katika Ngara na Biharamulo

Nguo njema huwa na bitana, na bitana haionekani mpaka nguo ichanike. Tanuri nayo ni hivyo. Atazamaye huona moto na moshi, akangoja chuma kitoke. Ukuta wa ndani, uliouzuia moto usile kila kitu, haumpitii moyoni. Katika nchi za baridi, mtu atakaye kujengewa meko ya gesi sebuleni huulizwa kwanza na fundi: ndani tutapanga matofali gani? Maana tofali la kawaida likipata moto na kupoa, likapata moto tena na kupoa, hupasuka na kumeguka. Hutakiwa tofali la udongo mteule, lililotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Swali la fundi huyo ndilo nitakaloliuliza hapa juu ya historia ya chuma magharibi ya Ziwa Viktoria, na hasa katika Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za kusini mwa Mkoa wa Kagera ambazo vitabu vya historia huzipita kama msafiri apitavyo kijiji kisicho na soko.

Nchi yenyewe yafaa ielezwe kwa maneno machache. Ngara ni nchi ya vilima, na mito ya Ruvubu na Kagera hukutana huko karibu na maporomoko ya Rusumo, penye mpaka wa Rwanda. Biharamulo iko mashariki yake, nchi ya misitu ya miombo inayoteremka kuelekea ziwani. Juu ya vilima mna mawe meupe magumu. Mabondeni mna mawe laini ya matabaka ambayo mvua na jua la karne zisizohesabika zimeyageuza kuwa udongo. Wenyeji ni Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wazinza na wengineo. John Hanning Speke alipita mwaka 1861 katika nchi aliyoiandika kwa jina la Usui, akacheleweshwa na mtawala Suwarora kwa ajili ya hongo. Naye msafiri anayedaiwa hongo huandika habari za nguo na nyaya zake kwa bidii kuliko habari nyingine yo yote.

Katika misitu hiyo, na kuendelea hadi Geita, walifanya kazi Warongo, wayeyushaji wa chuma. Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliandika mwaka 1996 kwamba Warongo walikuwa chama cha kazi zaidi kuliko kabila: watu wa asili mbalimbali waliounganishwa na ufundi, miiko na kambi za porini. Kila tanuri lilikuwa kwao kama tumbo la uzazi. Dawa zilifukiwa chini yake, na tendo la kuyeyusha lilihesabiwa kuwa ni kuzaa. Habari hizo za miiko zimeandikwa sana, nami sizidharau. Lakini yaonekana kwangu kuwa wasomi wetu wamevutwa na dawa iliyozikwa chini ya tanuri, wakausahau udongo uliolikandika.

Maelezo yaliyo kamili kuliko yote kuhusu udongo huo hayatoki Biharamulo bali kwa jirani zake wa kaskazini, Wahaya. Huko, kuanzia mwaka 1976, Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, waliwaomba wazee walioifanya kazi hiyo katika ujana wao wajenge tanuri na kuliwasha tena. Wazee walichimba shimo la kina cha kadiri ya nusu mita, wakalikandika ndani kwa tope la udongo wa kichuguu. Juu ya shimo wakapandisha ukuta uliokwenda ukichongoka, wa kimo cha kadiri ya mita 1.4, uliojengwa kwa mabonge ya mavi ya chuma ya kazi za zamani yaliyoshikanishwa kwa udongo ule ule wa kichuguu. Shimoni wakachoma nyasi za bwawani mpaka zikawa makaa. Kisha wakaingiza mirija minane ya udongo, kila mmoja na mvukuto wake wa ngozi, na ncha za mirija zikasukumwa ndani kabisa, motoni.

Kwa nini kichuguu? Mchwa hupanda na chembe ndogo za udongo kutoka chini, akazishikanisha kwa mate yake. Mchanga wa chembe kubwa humshinda kuubeba. Kwa hiyo kichuguu ni udongo uliokwisha kuchaguliwa na kukandwa kabla mtu hajaugusa. Katika nchi iliyooshwa na mvua za siku nyingi, udongo wa chini aghalabu huwa ni wa jamii ya kaolini, uliokwisha kupoteza sehemu kubwa ya magadi na chokaa, vitu ambavyo huufanya udongo uyeyuke upesi. Na yale mabonge ya mavi ya chuma ukutani yalikuwa na maana yake pia. Kitu kilichokwisha kupita motoni hakinywei tena sana, kwa hiyo hupunguza nyufa za udongo mbichi. Watengenezaji wa matofali ya moto viwandani husaga udongo uliokwisha kuchomwa wakauchanganya na mbichi kwa sababu hiyo hiyo. Wazee wale hawakuhitaji kuambiwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Makala ya Schmidt na Avery ilichapwa mwaka 1978 katika jarida la Marekani liitwalo Science, na magazeti ya dunia yakaipokea kwa kelele: Waafrika walitengeneza chuma cha pua miaka 1500 na zaidi iliyopita! Tangu hapo, katika vitabu vya shule, katika hotuba na katika insha za wanafunzi wangu, hurudiwa kwamba matanuri ya Kagera yalifikia joto la nyuzi 1800 za Selsiasi. Hesabu hiyo imekuwa kama hirizi. Anayeihoji huonekana kama mtu anayetaka kuwanyang'anya wazee wetu heshima.

Lakini tuuhoji ukuta. Chuma safi huyeyuka kwa nyuzi 1538. Kaolini safi, udongo ulio bora kuliko udongo wo wote wa kichuguu, huanza kulegea na kuanguka penye nyuzi 1770 hivi. Tanuri ambalo lingewaka kwa nyuzi 1800 tumboni mote lingejiyeyusha lenyewe pamoja na mirija yake, na chuma kingemiminika kama maji. Wala si hivyo kilivyotoka. Kilitoka bonge zito lenye matundu, ambalo halikupata kuwa maji, likapelekwa kwa mhunzi kufuliwa. Bonge la namna hiyo hupatikana kwa nyuzi kati ya 1200 na 1400. Nakubali kwamba mbele ya ncha ya mrija, mahali padogo penye upepo mkali, moto huweza kuzidi sana, na chombo cha kupimia kikiwekwa hapo kitasoma namba kubwa. Lakini moto wa ncha ya mrija si moto wa tanuri, kama vile kilele cha mlima si nchi yote.

Ubishi mwingine ulihusu mirija. Schmidt na Avery walidai kwamba mrija uliozama motoni ulipasha upepo joto kabla haujafika kwenye makaa. Mwaka 1986 Rehder, mtaalamu wa madini, alijibu kwamba udongo hupitisha joto kwa shida, na faida ingekuwa ndogo. Wenyewe walijibu, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa zikiutazama upepo uliomo ndani ya mrija, ilhali neno kubwa lilikuwa katika udongo wake.

Maana bitana ya tanuri hili haikukusudiwa kudumu. Oksidi ya chuma ni adui mkubwa wa udongo: penye joto la nyuzi 1200 hivi huunasa mchanga uliomo katika ukuta na katika ncha za mirija, vikayeyuka pamoja na kuwa mavi ya chuma, yanayotiririka chini na kukiacha chuma nyuma. Majivu ya makaa nayo husaidia kuula ukuta. Katika meko ya gesi ya leo hilo lingekuwa hasara tupu. Katika tanuri la chuma lilikuwa nusu ya kazi, kwa kuwa pasipo mchanga wa kutosha uchafu wa mtapo hautoki. Basi mrija uliliwa taratibu kwa ncha, na kwa kuliwa kwake ukalisha tanuri. Ukiwa dhaifu mno, ungeanguka kabla bonge halijakomaa, na kazi ya siku nyingi ya kukata miti na kuchoma makaa ingepotea. Ukiwa mgumu mno, usingetoa kitu. Fundi alitakiwa audongee mrija utakaokufa kwa wakati wake. Hilo, kwa maoni yangu, ni elimu kubwa kuliko nyuzi 1800, tena ni elimu ambayo ushahidi wake umelala chini mashambani, nao hauhitaji kutiwa chumvi.

Ushahidi huo una umri mrefu pande zote za Ngara. Ng'ambo ya mto, katika Rwanda na Burundi, na kufika Kivu, Jean Hiernaux na Emma Maquet walieleza katika maandishi yao ya mwaka 1957 na 1960 matofali ya udongo yaliyojenga matanuri ya Zama za Chuma za Mwanzo, yakiandamana na vyungu vya namna iitwayo Urewe. Matofali hayo yalipindwa yafuate duara la tanuri, na mengine yamepambwa kwa alama za vidole. Mapambo juu ya tofali la tanuri! Aliyeyafinyanga alijua kwamba moto ungeyaharibu, akayapamba hata hivyo. Kwenye ukingo wa ziwa, kwa Wahaya, Schmidt alichimba matanuri ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Wachimbaji wengi walielekea huko, au Karagwe palipokuwa na ikulu ya Bweranyange na hazina yake ya vyuma. Ngara na Biharamulo zilibaki katikati, si kwa sababu mafundi wa kale waliziruka, bali kwa sababu mpaka wa Waingereza na Wabelgiji uliochorwa baada ya vita vya 1914 hadi 1918 uliwagawa watafiti kama ulivyowagawa wenyeji.

Kuyeyusha kulikoma katika karne ya ishirini, majembe ya Ulaya yalipofika kwa bei ambayo mtu wa porini hakuiweza. Habari yake ni fupi na ya kuhuzunisha, nayo ni ile ile karibu po pote katika Afrika ya Mashariki. Udongo lakini haukusahauliwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kadiri ya siku moja, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla haijawa na jina katika ramani. Kila familia ilihitaji kuni. Miti ikaisha karibu na kambi, wanawake wakaenda mbali zaidi kila wiki, na mashirika yaliyohudumia kambi yakaanza kufundisha majiko ya udongo yenye kuta nene za kuufunga moto chini ya chungu. Anayefinyanga jiko la namna hiyo katika nchi zetu aghalabu huambiwa atafute kichuguu, achanganye na nyasi au mchanga, aukande na kuuacha ulale kabla ya kujenga. Sidhani kwamba wakufunzi walijua wanarudia maneno ya wayeyushaji.

Leo barabara zinapanuliwa na mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, unahitaji ardhi. Pajapo kufukuliwa tanuri la kale huko, tusianze kwa kupima chuma. Kipande cha mrija kina ncha iliyogeuka kioo cheusi au cha kijani, na upande wa pili udongo mwekundu ambao moto haukuufikia. Umbali kati ya ncha na wekundu huonyesha mrija ulizama kiasi gani, na uzito wa vipande vyote, ukilinganishwa na mavi ya chuma yaliyo kando, huonyesha bitana iliyoliwa ilikuwa kiasi gani. Kazi hiyo yataka mizani, rula na mwanafunzi mvumilivu.