Tovuti ya chuo si pambo la ukutani

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi nilikuwa zamu za usiku, na aliyekesha wodini akirudi nyumbani hana hamu na kitu ila kitanda. Leo nina mapumziko, nikaona nitimize ahadi.

Mnajua mdogo wangu wa mwisho amepata kazi ya kutunza tovuti ya chuo kimoja huko nyumbani. Juzi alinipigia simu akilalamika. Mkubwa wake anataka ukurasa wa mbele uwe na picha kubwa za mahafali zinazobadilika zenyewe, na video ya mgeni rasmi. Akasema, "Dada, wewe ni nesi, haya huyajui, ila niombee tu." Nikacheka. Nayajua kidogo kwa sababu yametuuma. Mwaka jana binti wa shangazi alikuwa akiomba nafasi chuoni kwa simu ya mkononi. Alimaliza vocha mbili ukurasa haujafunguka, na siku ya mwisho ikapita. Mtoto amekaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya picha! Basi mdogo wangu, soma historia hii, kisha umpelekee mkubwa wako.

Mtandao wa wavuti ulizaliwa kwa watu wa elimu. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Geneva, aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka za watafiti. Desemba 1991 tovuti ya kwanza Marekani ilifunguliwa SLAC, maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Stanford. Kazi yake ilikuwa moja: kumsaidia mtafiti aliye mbali kutafuta makala za fizikia. Ilikuwa maandishi matupu, lakini mtu alipata alichokifuata.

Mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, akina Marc Andreessen na Eric Bina, walitoa kivinjari cha Mosaic. Kilionyesha picha na maneno kwenye ukurasa mmoja, kikaenea kama moto wa nyikani. Hapo raha ilianza, na matatizo mawili yakaingia pamoja nayo.

La kwanza ni kasi. Modemu za miaka ile zilipitisha kilobiti 28.8 kwa sekunde. Piga hesabu: picha ya kilobaiti 100 ni kilobiti 800, yaani karibu sekunde 28 za kusubiri. Kwetu ilikuwa mbaya zaidi, maana Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya dunia. Ombi lipande, lishuke, na jibu lirudi kwa njia ileile: karibu nusu sekunde imekwisha kabla hujaona herufi moja, na kila picha ina ombi lake. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010, tulidhani shida imekwisha. Lakini kurasa nazo zikanenepa. Na mkongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, intaneti Tanzania ikadorora, mnakumbuka wenyewe mlivyonitafuta siku zile. Ukurasa mwepesi ndio unaopenya siku kama hiyo.

Tatizo la pili ni la wasioona. Picha haisomeki kwa masikio. Mwaka 1995, katika HTML 2.0, tayari kulikuwa na nafasi ya kuandika maneno yanayoieleza picha, lakini wengi waliiacha wazi. Mei 1999 shirika la W3C lilitoa mwongozo wa kwanza wa tovuti zinazofikiwa na watu wote, ule wa WCAG.

Hili nililiona kwa macho yangu. Nilipokuwa nasoma shahada ya uuguzi hapa Uingereza, maktabani alikuwepo mwanafunzi mmoja asiyeona, anatumia programu inayomsomea kioo cha kompyuta. Siku moja alinipa kisikilizio nisikie ukurasa wa kozi yake. Nikasikia "picha, picha, kiungo, picha", hadi mwisho. Ratiba yake ya mtihani ilikuwa ndani ya mojawapo ya zile picha. Nilimsomea mimi. Lakini je, siku ambayo sipo?

Sheria za Uingereza ziliwagusa watoa elimu kuanzia Septemba 2002, na kanuni za mwaka 2018 zikabana zaidi: kufikia tarehe 23 Septemba 2020 tovuti zote za taasisi za umma, vyuo vikuu vikiwemo, zilitakiwa zitimize masharti na kuweka tamko la wazi kuhusu pale zinapopungua. Kule Marekani, chuo kikuu cha Berkeley kilidaiwa na serikali mwaka 2016 kurekebisha video zake ili viziwi na wasioona wafaidike nazo. Machi 2017 kikaamua kuondoa hadharani zaidi ya mihadhara 20,000. Wote wakakosa. Ndiyo gharama ya kujenga kwanza na kukumbuka njia ya viti vya magurudumu baadaye.

Limebaki suala la usalama. Wavuti ya mwanzo ilipeleka neno lako la siri kama kadi ya posta isiyo na bahasha, kila anayeipokea njiani anaisoma. Netscape walileta bahasha, SSL, mwaka 1995, ila vyeti vyake viliuzwa na vyuo vingi viliona ni gharama ya bure. Mwishoni mwa mwaka 2015 Let's Encrypt walianza kuvitoa bila malipo, na miongoni mwa walioanzisha kazi hiyo walikuwemo watu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa hiyo leo kisingizio cha fedha hakipo.

Hata hivyo bahasha nayo huchanika. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu iliyotumika na tovuti nyingi mno duniani. Dawa ilikuwepo siku ileile, lakini iliwaponya walioinywa. Na Desemba 2015 mtandao wa Janet, unaounganisha vyuo vya Uingereza, ulifurikishwa na maombi ya uongo kwa siku kadhaa, vyuo vikahangaika.

Mdogo wangu, wodini hatungoji mgonjwa azidiwe ndipo tumpime. Tunapima kila zamu na kuandika. Nawe fanya hivyo. Sasisha programu mapema. Fungua tovuti yako kwa simu ya bei ndogo, ukiwa mbali na mjini, kwa vocha yako mwenyewe. Ifunge macho, uisikilize. Picha za mahafali ziweke, wazazi wanazipenda, lakini ziwe ndogo na kwenye ukurasa wake. Fomu ya maombi ndiyo ikae mbele, iwe maandishi mepesi.

Mkubwa wako akikataa, mwambie habari ya binti wa shangazi. Mwaka huu anaomba tena.

Haya, naishia hapa, mama ameshaniambia nilale. Msalimieni bibi.