Belle Vue ya Manchester: Miaka 100 Tangu Mbwa wa Kwanza Watoke Vizimbani

Watu wapatao 1,700 walikata tiketi Jumamosi ya tarehe 24 Julai 1926 kwenda kutazama jambo ambalo Uingereza ilikuwa haijaliona: mbwa wakimfukuza sungura wa bandia, anayekokotwa kwa umeme kuzunguka kiwanja chenye umbo la yai. Kiwanja hicho kiliitwa Belle Vue, na kilikuwa kando ya barabara ya Kirkmanshulme Lane, mtaa wa Gorton, mashariki mwa jiji la Manchester. Mbwa wa kwanza kushinda jina lake Mistley. Alimaliza yadi 440, kama mita 400 hivi, kwa sekunde 25. Ukipiga hesabu, huo ni mwendo wa karibu kilomita 58 kwa saa. Usiku ule wenye kiwanja walipohesabu fedha walikuta wamepata hasara ya pauni 50.

Julai 2026 ndipo karne moja inapotimia tangu siku hiyo. Kiwanja chenyewe hakikuifikia karne yake. Mbwa wa mwisho walikimbia hapo Machi 2020, na waliotaka mashabiki warudi baada ya janga la korona hawakusikilizwa.

Mbwa aina ya greyhound hawakuanza kushindanishwa Belle Vue. Kwa muda mrefu kabla ya hapo, wenye mashamba walikuwa wakiwafungulia mbwa wawili wawili wamfukuze sungura hai uwandani, na mashindano makubwa kuliko yote, Waterloo Cup, yalikuwa yakifanyika Altcar karibu na Liverpool tangu 1836. Mwaka 1876, huko Hendon kando ya London, walijaribu kumtumia sungura wa bandia kwenye reli iliyonyooka. Jaribio hilo halikushika. Katika njia iliyonyooka, mbwa mwenye kasi kuliko wenzake anaongoza mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji hana la kungojea. Kilichokosekana ni kona.

Kona zililetwa na Mmarekani Owen Patrick Smith, ambaye inasimuliwa kwamba alianza kubuni mashine yake kwa kuwahurumia sungura. Mwaka 1919 alifungua kiwanja cha mviringo Emeryville, California. Mfanyabiashara mwenzake wa Marekani, Charles Munn, akauvusha uvumbuzi huo hadi Uingereza, ambako matajiri wengi walimpa kisogo. Waliokubali kushirikiana naye ni wachache, na mashuhuri kati yao alikuwa Brigedia Jenerali Alfred Critchley, mzaliwa wa Kanada. Wakakusanya pauni 22,000, wakaanzisha kampuni ya Greyhound Racing Association, na wakachagua Manchester badala ya London.

Uchaguzi huo ulikuwa na akili. Lancashire ilikuwa nchi ya mbwa wa mbio tangu zamani. Jirani kabisa na kiwanja palikuwa na bustani ya wanyama ya Belle Vue, iliyoanzishwa na John Jennison mwaka 1836, na kwa miaka mingi umati wa wafanyakazi ulikuwa umezoea kuja huko siku za mapumziko. Na ulikuwa mwaka mgumu. Mgomo mkuu wa Mei ulikuwa umekwisha bila ushindi, na wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa bado wamefungiwa nje ya migodi. Mtu angedhani huo si wakati wa kufungua mahali pa kuchezea fedha. Ulikuwa ndio wakati wake hasa, maana mwenye senti chache ndiye anayeota senti nyingi.

Lakini ukitaka kujua kwa nini muda si muda watu zaidi ya 10,000 walikuwa wakijaa Belle Vue usiku mmoja, usiwatazame mbwa, tazama sheria. Tangu 1906 ilikuwa marufuku kupokea dau mitaani. Tajiri hakuguswa na marufuku hiyo: alimpigia simu mpokea dau wake, akabeti kwa mkopo, wakaja kuhesabiana baadaye. Asiye na simu wala mtu wa kumkopesha alimtegemea kijana aliyejificha kwenye kona ya mtaa akikusanya vikaratasi huku akichungulia polisi. Ndani ya uwanja wa mbio mtu yeyote aliruhusiwa kubeti kwa fedha taslimu, lakini mbio za farasi zilikuwa mbali na mjini, tena mchana, saa za kazi. Mbwa walikimbia jioni, karibu na nyumbani, kwa nauli ndogo. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kiwanda cha pamba aliweza kuweka dau lake waziwazi, akiwa amevaa koti lake zuri, na mkewe kando yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo heshima kubwa ya Belle Vue, na wanaoikumbuka kwa kamari tu wanaidhulumu.

Mwaka uliofuata London ikapata White City na Harringay, na kabla 1927 haijaisha nchi ilikuwa na viwanja vipatavyo 40. Viongozi wa makanisa wakapaza sauti. Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliwafananisha mbwa hao na meza ya ruleti yenye uhai, ingawa watu wa tabaka lake walikuwa na farasi wao na hakuna aliyewasema. Kisha ikaundwa klabu ya taifa ya kusimamia kanuni, na sheria ya 1934 ikaruhusu rasmi mfuko wa pamoja wa madau ndani ya viwanja, huku ikiweka mpaka wa siku 104 za kubeti kwa mwaka kwa kila kiwanja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kueleweka hata na aliyefika kwa mara ya kwanza. Mbwa sita, kila mmoja na koti lake: namba moja nyekundu, mbili buluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano rangi ya chungwa, sita mistari ya nyeusi na nyeupe. Wanatembezwa mbele ya watu, wanaingizwa vizimbani, taa za jukwaani zinafifia, sungura anapita akinguruma kwenye reli, milango inafunguka. Nusu dakika, basi, yamekwisha. Halafu dakika kumi na tano za kubishana, kunywa bia na kusoma ratiba ya mbio inayofuata.

Mwaka 1946, vita vimekwisha na watu wana fedha lakini maduka hayana bidhaa, tiketi zilizouzwa kwenye viwanja vya mbwa nchini Uingereza zilipita milioni 30. Huo ndio uliokuwa mlima. Baada yake ni mteremko. Uhaba wa makaa ya mawe wa 1947 ulisimamisha mbio za katikati ya wiki. Kisha serikali ikatoza kodi ya asilimia 10 kwenye mfuko wa madau ya mbwa. Mfuko wa madau ya farasi haukutozwa hata senti. Hapo unaona mchezo wa mabwana na mchezo wa makabwela unavyopimwa kwa mizani mbili.

Pigo lililoua lilikuja kwa sura ya uhuru. Tarehe 1 Mei 1961 maduka ya kubeti yaliruhusiwa mitaani, na katika miezi michache yalifika maelfu. Sababu ya kwenda kiwanjani ikaondoka. Mwaka 1967 wenye maduka wakaanzisha mpango wao wa mbio za mchana, ili wateja wao wasikose cha kubetia siku ambazo barafu imezuia farasi. Mbwa wakawa wanakimbia mbele ya majukwaa matupu, kwa ajili ya watu walio mbali. Msomaji aliyepita kwenye maduka ya kubeti ya Kampala au Dar es Salaam anajua hatua iliyofuata: skrini inayoonyesha mbwa wa kompyuta, mara nyingi wakiwa na makoti ya rangi zile zile, wakimaliza mbio kila baada ya dakika chache bila kula wala kuchoka.

Belle Vue ilivumilia kuliko wengine. Bustani ya wanyama jirani yake ilifungwa 1977. White City ya London ikaenda 1984, Harringay 1987. Mwaka 1988 pikipiki za timu ya Belle Vue Aces, zilizokuwa zimeanzia kwenye kiwanja hiki 1928 kabla ya kuhamia barabara ya Hyde Road, zilirudi tena, zikakaa mpaka 2015. Magari ya kugongana nayo yakapewa usiku wao. Kwa hiyo kwa miaka mingi mlio uliosikika zaidi Kirkmanshulme Lane haukuwa wa sungura wa umeme bali wa injini.

Na mbwa wenyewe? Historia nyingi za kumbukumbu huwapita haraka. Wengi wa wanaokimbia Uingereza huzaliwa Ireland, huanza mbio kabla ya kutimiza miaka miwili, na hustaafu wakiwa na miaka minne au mitano, wakati umri wao unaweza kufika 12 au zaidi. Zile kona zilizoupa mchezo uhai ndizo zinazowavunja. Wote huzunguka kwa kukata kushoto, kwa hiyo kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo usio wa kawaida na mara nyingi ndicho kinachopasuka. Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba huko Seaham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, maelfu ya mbwa waliostaafu walikuwa wameuawa na kuzikwa kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba. Kanuni za ustawi wa mbwa wa mbio zilitungwa 2010. Zilichelewa, na katika nchi iliyojisifu kwa kupenda wanyama hilo lilikuwa aibu.

Ardhi ya kiwanja ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa watu wa biashara ya nyumba tangu 2005. Korona ilifunga milango Machi 2020, na Agosti mwaka huo ikatangazwa kwamba haitafunguliwa. Mpango ukawa ni kujenga makazi. Kiwanja cha mbwa cha Crayford kilipofungwa Januari 2025, London ilibaki na kiwanja cha Romford peke yake. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itapiga marufuku mbio hizi, na serikali ya Wales ikatangaza nia hiyo hiyo Februari 2025.

Kama utafika Uingereza na unataka kuona kilichobaki cha enzi hiyo, Belle Vue Aces bado wanakimbiza pikipiki kwenye kiwanja kipya, hatua chache kutoka mahali pa zamani. Na katika makumbusho ya Tring, kaskazini ya London, amehifadhiwa Mick the Miller, mbwa kutoka Ireland aliyeshinda Derby ya White City 1929 na 1930 mfululizo. Kiingilio ni bure.